Mnaoanza ususi, shikeni kichwa kwanza ndo mshike nywele ya kubandika

Wadogo zangu mnaoingia saluni mwaka huu, nawaandikia mana kila nikipata mwanafunzi mpya maswali ni yaleyale, rasta ipi nzuri, hyumani, yaani nywele halisi ya mtu, unaijuaje, wigi linafuliwa na nini, na sijapata hata mmoja aliyeanza kuniuliza kuhusu kichwa chenyewe kinachoenda kubeba huo mzigo. Mimi nasuka mwaka wa kumi na moja sasa, nilianzia kibarazani kwa mama mmoja Mwananyamala tunalipwa kwa kichwa, na hilo la kichwa nililijua nimechelewa.

Mteja akikaa, kabla hujafungua pakti ingiza vidole pale mbele, juu ya masikio na kisogoni. Angalia vinywele vifupi vilivyokatika, vipele, mba, na kama nywele za mbele zimeanza kurudi nyuma. Muulize kafumua lini na dawa ya kulainisha nywele kaweka lini. Aliyeweka dawa juzi mwambie arudi baada ya wiki mbili hata kama kaja na hela mkononi, ngozi yake bado changa na nywele zimelegea.

Kuna dada nilimsuka rasta ndogondogo, ana sendofu ya mdogo wake, akaniambia dada kaza zikae miezi mitatu. Nikakaza kweli, alitoka pale hata nyusi hawezi kunyanyua na wote tukaona ndo kazi imetulia. Siku ya tatu ananipigia ana vipele vya usaha mstari mzima wa mbele, nikaenda kwake usiku tukafumua zote, lakini upande wa kushoto nywele zilikua zinatoka na mizizi yake, na zilichukua karibu mwaka kurudi. Na yeye ana bahati, mana zikivutwa hivyo miaka na miaka ngozi inaweka kovu na pale hapaoti tena kitu, ndo wale mama zetu unawaona upara wa pembeni hautoki na mafuta yoyote. Kwa hiyo mteja akisema inauma, legeza palepale. Asikwambie mtu kwamba maumivu ndo kukaa, rasta inakaa kwa kugawa nywele vizuri na kuongeza taratibu. Notilesi zinasaidia kwa hilo mana unaanza na nywele yake mwenyewe halafu unaongeza kidogokidogo, lakini ukijaza rasta nyingi kwenye kipande chembamba bado utaing'oa tu.

Rasta nyingi za Kariakoo ni nyuzi za kiwandani. Hata hilo neno Kanekalon mnaloliona kwenye pakti ni jina la nyuzi za kampuni ya Kaneka ya Japani, wanazo tangu 1957, sio nywele ya kiumbe yeyote, kwa hiyo pasi ya nywele usiisogeze huko itaganda mkononi. Namba za rangi mzishike kichwani: 1 ni nyeusi tii, 1B nyeusi iliyopoa kidogo na ndo inaendana na nywele zetu wengi, 33 inaenda kwenye wekundu wa udongo, 99J damu ya mzee, 613 ndo ile ya njano. Pakti zote nunua siku moja duka moja na uzitoe nje kwenye jua uzilinganishe, mana 1B ya duka hili na ya duka lile hazifanani, ukiishiwa katikati ya kichwa utaumbuka.

Wapo wanaowashwa mpaka wanajipiga kichwa na viganja usiku kucha. Huyo loweka rasta zake siku moja kabla, beseni la maji na kikombe cha siki, utaona utando mweupe unaelea juu, suuza anika. Na wakati wa kuchovya ncha kwenye maji ya moto weka taulo nene mgongoni, shika jagi mwenyewe, usimpe mtoto wa saluni akusaidie.

Sasa hyumani, hapa ndo hela za watu zinapotea. Nilishawahi kununua bando tatu, yaani mafungu ya hyumani ya kushonea, zinateleza kama hariri, zilipooshwa mara mbili zikawa katani, mteja alilia na mimi nikamrudishia hela yake yote. Dukani zinapakwa kitu cha kuzing'arisha, kwa hiyo mng'aro usikudanganye. Omba unywele mmoja uchome, nywele ya mtu inanuka kama kucha imeungua na inabaki jivu linalosagika, ya plastiki inayeyuka inakua kipira kigumu, ila mchanganyiko unaweza kukupa vyote viwili kwa hiyo choma kutoka sehemu mbili tatu. Halafu pitisha vidole toka chini kwenda juu, ikikwaruza kidogo kwenda juu na ikateleza kwenda chini basi magamba yake yameelekea upande mmoja, hiyo ndo inaitwa remi na haifungani mafundo haraka. Majina ya Brazil na Peru kwenye pakti msiyape uzito, nywele nyingi zinatoka India, pale Tirumala mahujaji wananyoa kama sadaka na hekalu linaziuza kwa mnada, na viwanda vikubwa vya kuzitengeneza viko China, mji wa Xuchang. Kinachonihusu mimi ni uzito, bando huwa ni gramu 100, nina kimzani kidogo cha jikoni naenda nacho. Na za mawimbi zinapimwa zimevutwa, inchi 18 ikijikunja mteja ataona kama kaletewa 14, mwambie mapema.

Wivingi, yaani bando zikishonewa juu ya nywele za mteja zilizosukwa mistari, nashonea kwa uzi tu, gundi kwenye ngozi sifanyi. Mistari ya chini hakikisha imekauka kabisa kabla hujashona, kwa joto hili la Dar unyevu ukibaki ndani inaanza kunuka wiki ya pili na kichwa kinaota fangasi. Mpe mteja chupa ya mdomo mwembamba, achanganye shampuu na maji, apitishe kwenye mistari kila baada ya wiki mbili, akae kwenye draya mpaka ikauke chini. Usiku afunge kitambaa cha satini. Wigi lisilalwe nalo.

Na wiki ya sita mpaka ya nane fumua. Mteja ataona nywele zinatoka rundo zima atashtuka atasema umemnyonyoa, mweleze kwamba kila mtu anadondosha nywele 50 mpaka 100 kwa siku, za miezi miwili zote zilikua zimefungiwa humo ndani haziwezi kudondoka. Muonyeshe ncha yenye kale kanundu keupe, hiyo imetoka wakati wake, isiyo na kanundu ndo imekatika, na zikiwa nyingi hizo ujue ulikaza. Pale kwenye mzizi kuna uchafu umeganda, paka mafuta, legeza na vidole, chana kuanzia nchani, na usithubutu kuweka maji kabla hujachana, mana zikilowa na zile zilizodondoka zinasokotana mpaka mnaishia kushika mkasi.