Maswali yenu kuhusu matamasha na warsha za Kijapani huku Marekani

Meseji zimejaa na wengi mnauliza yale yale, kwahiyo nimezikusanya nijibu hapa kwa pamoja.

Swali: Tunakaa Maryland, tunataka kuwapeleka watoto Washington kuona maua ya sakura, yaani ya micheri ya Kijapani. Twende lini, na kuna kiingilio?

Kuangalia miti ni bure kabisa, pale Tidal Basin, lile bwawa lililozungukwa na miti yenyewe, hakuna geti. Kinacholipiwa ni lile tamasha la mtaani, Sakura Matsuri, lenye vyakula na majukwaa ya muziki. Msimu wenyewe ni mwisho wa Machi mpaka mwanzo wa Aprili, ila msipange tarehe mapema sana maana baridi huwa inasogeza kila kitu, subirini watu wa Hifadhi za Taifa watangaze kilele, yaani siku ambayo asilimia 70 ya maua ya miti ya aina ya Yoshino yamefunguka, na baada ya hapo ikipiga mvua moja yenye upepo basi maua yote yako chini. Gari liacheni, pandeni Metro, nendeni asubuhi. Na watoto wasivunje matawi jamani.

Halafu wasimulieni kwamba miti hii ni zawadi kutoka Japani, na zawadi ya kwanza ilichomwa moto. Mwaka 1910 ilifika miti 2,000 ikiwa na wadudu na magonjwa, Rais Taft akaridhia iteketezwe, na meya wa Tokyo, Yukio Ozaki, badala ya kununa akatuma mingine 3,020. Tarehe 27 Machi 1912 mke wa Taft na mke wa balozi Chinda wakapanda miwili ya kwanza. Gharama zilibebwa na mkemia Jokichi Takamine, na kabla ya wote hao kuna mama mmoja anaitwa Eliza Scidmore aliyewasumbua maofisa wa Washington kwa zaidi ya miaka 20 kuhusu hii miti na hawakumsikiliza. Mimi huyo mama namheshimu sana.

Swali: Binti yangu ana miaka 14, anataka kuvaa yukata kwenye tamasha. Hatutaonekana tunachezea utamaduni wa watu?

Mama, mwache avae. Yukata ni vazi la pamba la kiangazi, jepesi, na kwenye matamasha mengi kuna meza kabisa ambapo akina mama wa Kijapani wanakuvalisha wenyewe, wanakufunga mkanda, wanakugeuza huku na huku wakikagua, na wanafurahi. Kitu kimoja tu akishike: upande wa kushoto unakaa juu ya upande wa kulia. Ukigeuza hivyo, wa kulia ukawa juu, ndivyo wanavyovalishwa maiti, na bibi yeyote wa Kijapani akimuona atakuja mbio kumrekebisha.

Lakini najua unachoogopa. Mwaka 2015 makumbusho ya sanaa ya Boston waliweka kimono watu wavae na kupiga picha mbele ya mchoro wa mchoraji Mfaransa Monet unaomuonyesha mkewe kavaa kimono jekundu na wigi la rangi ya dhahabu. Watu wakaandamana, na Wajapani wengine nao wakaja na kimono zao kutetea, ikawa mabishano makubwa mpaka makumbusho wakaacha kuvalisha watu, wakaruhusu kugusa tu. Mimi naona kasoro haikuwa kuvaa. Pale mgeni alikuwa anaigiza Mzungu aliyekuwa anaigiza Mjapani, na mwenye vazi lake hayupo popote kwenye hiyo hadithi. Kwenye tamasha mwenye vazi ndiye anayekufunga mkanda, hapo ndipo tofauti ilipo.

Swali: Jirani yangu Mjapani katualika Obon hekaluni kwao mwezi wa saba. Mimi ni Mwislamu. Ile ngoma ni ibada ya mizimu?

Swali zuri na nitakujibu bila kuzunguka. Obon ni ya Kibudha na ni ya kuwakumbuka waliotangulia, hilo halifichiki. Wanasimulia habari ya Mokuren, mwanafunzi wa Buddha, aliyemuona mama yake aliyefariki anateseka kwa njaa huko alikokwenda, akafundishwa kutoa sadaka kwa watawa, mama akaokoka na yeye akacheza kwa furaha. Mahekalu mengi ya Wajapani wa Marekani ni ya madhehebu ya Jodo Shinshu, na kwao Obon ni zaidi ya kushukuru kuliko kuita roho. Ibada inafanyika ndani na ngoma inachezwa nje, mtaani au kwenye maegesho, watu wanazunguka jukwaa linaloitwa yagura. Hakuna atakayekuuliza dini yako. Kama moyo wako hautulii, kaa pembeni uangalie, nayo ni heshima tosha, na kama una mtu unayemuamini kwenye mambo ya dini muulize yeye, sio mimi.

Ukicheza, utapenda Tanko Bushi, wimbo wa wachimba makaa ya mawe, unachimba, unatupia makaa begani, unasukuma mkokoteni, watoto wanaushika mara moja. Wiki kadhaa kabla kuna mazoezi ya jioni, wageni wanakaribishwa.

Chakula ndio uwe makini. Spam musubi, wali wenye nyama ya kopo juu, ni nguruwe. Kuku wa teriyaki mara nyingi kawekwa mirin au sake, ambayo ni pombe, kwahiyo uliza jikoni kwanza. Barafu ya sharubati haina shida, na pesa ya chakula ndiyo inayosaidia kuendesha hekalu, kwahiyo nunua hata hiyo.

Swali: Nilienda Nisei Week, tamasha la Wajapani wa Marekani huko Los Angeles, nikafurahia, ila hapo hapo kwenye mtaa wao wa Little Tokyo kuna makumbusho ya watu waliofungwa kambini. Kwanini vitu viwili hivi viko pamoja?

Kwasababu ni watu wale wale, ndugu yangu. Nisei Week ilianza mwaka 1934, kipindi cha mdororo wa uchumi, wafanyabiashara wa Little Tokyo walitaka vijana waliozaliwa Marekani warudi kununua mtaani kwao. Miaka minane baadae, Februari 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, Rais Roosevelt akasaini Amri namba 9066, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani wakaondolewa pwani ya magharibi wakafungiwa kwenye kambi kama Manzanar, theluthi mbili yao wakiwa raia wa Marekani. Duka, shamba, nyumba, vyote nyuma, ukabeba unachoweza. Tamasha likakatika mpaka 1949.

Jengo la zamani la hayo makumbusho, yaliyofunguliwa 1992, lilikuwa hekalu la Kibudha, na mbele yake familia zilikusanyika zikapandishwa mabasi. Na huko kambini, nyuma ya seng'enge, waliendelea kucheza Obon! Kwahiyo unapoona mabibi wa miaka themanini wanacheza mtaani mwezi wa nane usidhani ni burudani ya watalii, kuna waliozaliwa kambini pale. Kulikuwa pia na kitabu kikubwa chenye majina ya zaidi ya watu 125,000 waliofungwa, ndugu walikuwa wanakuja kugonga muhuri mdogo wa duara chini ya jina la mtu wao. Makumbusho walifunga jengo kubwa kwa ukarabati 2025, ulizieni kabla hamjasafiri.

Swali: Warsha ya muda wa saa mbili ya kintsugi, kuunga vikombe kwa dhahabu, ni ya kweli?

Saa mbili? Hapana. Kintsugi yenyewe inatumia urushi, utomvu wa mti, unaokauka kwa unyevunyevu na unahitaji wiki nyingi, tena ukiwa mbichi unawasha ngozi vibaya. Ya saa mbili ni gundi ya kawaida na unga wa rangi ya dhahabu. Sio dhambi kama wamekwambia ukweli, ila usinywee chai kwenye hicho kikombe. Kwa pesa hiyo mimi ningekwenda darasa la ikebana, yaani kupanga maua, au la kuandaa chai kwa desturi ya Kijapani. Kwenye chai vua pete usikwaruze bakuli, vaa soksi safi, usijipulizie manukato.

Swali: Kijana wangu anapenda ngoma za taiko. Aanzie wapi?

Ulizia hekalu la Kibudha lililo karibu, mengi yana kikundi. Taiko ya Marekani ilishika kasi San Francisco mwaka 1968 kwa Seiichi Tanaka, mwaka uliofuata kikundi cha Kinnara wakaanza Los Angeles, na wao ndio waliotengeneza ngoma kwa mapipa ya mvinyo maana za kuagiza Japani zilikuwa ghali mno.

Swali: Sehemu za bure au nafuu?

Japan House ya Hollywood, kituo cha utamaduni wa Kijapani, maonyesho bure. Freer ya Washington, makumbusho ya sanaa, bure, ipo tangu 1923. Florida kuna Morikami, makumbusho yenye bustani za Kijapani, Delray Beach, kwenye ardhi aliyoiacha mkulima George Morikami, hii ni ya kulipia lakini bustani zake ni za kutembea siku nzima. Jumatatu wanafunga, na kiangazi bebeni maji.