Shajara ya mhusika nayo huhaririwa

SWALI: Naandika riwaya ya msichana wa miaka 14 anayejisimulia kupitia shajara yake. Mwalimu wa warsha alituambia kurasa za shajara zisihaririwe, eti mparaganyo ndio uhalisia. Wasomaji wangu watatu wa kwanza wote wameishia sura ya pili. Niiache shajara?

JIBU: Usiiache. Kilichowachosha ni ushauri wa huyo mwalimu.

Mswada kama wako nimeshaupokea mara nyingi, kwa majina tofauti. Ukurasa wa kwanza: "Naitwa fulani, nina miaka 14, mama yangu ni muuguzi." Jamani, nani hulitambulishia daftari lake mama yake mzazi? Hapo ni mwandishi anamnong'oneza msomaji. Msichana angeandika tu: "Mama karudi alfajiri, kalala na sare." Zamu ya usiku tumeshaijua.

Hili la kutohariri ndilo hunipandisha hasira, hasa watu wanapomtaja Anne Frank, yule binti Myahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni Uholanzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, kulitetea. Mwaka 1944 Anne alimsikia redioni waziri wa Uholanzi, akizungumza kutoka London, akisema shajara za wakati wa vita zikusanywe vita vikiisha. Akaanza kuiandika upya yake: akafuta, akaunganisha, akaongeza, na kumbuka alikuwa bado na miaka 14. Yeye aliyaishi aliyoyaandika, na bado aliona yahitaji kusukwa. Wewe uliyeyabuni unaachaje?

Utamu wa shajara ni kwamba anayeandika Jumanne haijui Ijumaa. Jumanne anaapa rafiki yake hawezi kumsaliti. Kisha zinafuata siku tisa bila neno. Kisha anaandika kuhusu mtihani wa hesabu, rafiki hatajwi kabisa. Hizo siku tisa ndizo sura yako bora, na hazitokei zenyewe. Mtu huzipanga, huzifuta, huzirudia. Halafu weka ukurasa wa kwanza na wa mwisho kando kwa kando: sauti ikiwa ileile, binti hajakua, hata umjalie miaka 17. (Mazungumzo ya kurasa nne neno kwa neno, kata. Hakuna anayekumbuka hivyo usiku akiwa kitandani.)

Siku hizi warsha za namna hii zimejaa, na zote huuza kitu kimoja: ruhusa ya kutofanya kazi. Mara shajara, mara barua, mara "andika unavyoongea." Kabla hujalipia nyingine, muulize mwalimu kitabu chake cha mwisho kilipitia rasimu ngapi. Akisema moja, omba akusomee ukurasa wowote.