Elki Ndani ya Uzio: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Katika baadhi ya mashamba ya Marekani na Kanada hufugwa elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ambaye dume lake huweza kuzidi kilo 300 na hudondosha pembe zake zenye matawi kila mwaka na kuota nyingine. Hufugwa kwa nyama, kwa pembe changa zinazouzwa Asia kama dawa, na pia kwa ajili ya watu wanaolipa ili wampige risasi dume ndani ya uzio na kuondoka na pembe zake kama nyara. Jambo hili la mwisho ndilo lililoleta maswali mengi.

Ni ugonjwa gani unaohusishwa na mashamba hayo?

Ni ugonjwa sugu wa kukonda. Hauletwi na virusi wala bakteria, bali na prioni, yaani protini ya mwili iliyojikunja vibaya na kuzifanya protini zenye afya zijikunje vivyo hivyo, mpaka ubongo unajaa matundu kama sifongo. Ulionekana kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliofungiwa katika kituo cha utafiti cha Fort Collins, Colorado, na mwaka 1981 ukagunduliwa kwa elki wa porini katika jimbo hilohilo. Mnyama aliyeambukizwa huweza kukaa mwaka mmoja na nusu au miwili akionekana mzima kabisa, huku mate, mkojo na kinyesi chake vikieneza prioni, ambazo hudumu ardhini kwa miaka. Hakuna tiba wala chanjo, na kipimo kinachotegemewa zaidi hufanywa mnyama akishakufa. Kwa hiyo mfugaji mwaminifu anaweza kumuuza mnyama mgonjwa bila kujua, na hapo ndipo biashara inapokuwa hatari: mwaka 1996 ugonjwa ulipatikana katika shamba la elki huko Saskatchewan, Kanada, ukahusishwa na wanyama walionunuliwa South Dakota, na mwaka 2001 ukagunduliwa Korea Kusini kwa elki walioletwa kutoka Kanada. Hakuna elki wa porini angeweza kuivuka bahari hiyo kwa miguu yake.

Lakini si uzio ndio unaowatenga na wale wa porini?

Hautoshi. Wanyama hugusana pua kupitia matundu ya waya, na nyaya hukatika. Mwaka 2006, huko Idaho, elki zaidi ya 100 walitoroka katika shamba moja, na gavana Jim Risch akaamuru wapigwe risasi kabla hawajachanganyika na kundi la porini. Haki inadai pia niseme kwamba mashamba si chanzo pekee, kwa kuwa ugonjwa sasa umo porini katika majimbo mengi na unaenea wenyewe. Ila ukishaingia porini, gharama yake ni kubwa mno: Norway iliugundua mwaka 2016 kwa kulungu wa theluji wa eneo la Nordfjella, na ikaua kundi zima, zaidi ya wanyama 2,000.

Ninaishi Minnesota, na mwenzangu kazini hunigawia nyama ya kulungu aliyemwinda. Je, niile?

Muulize kwanza kama mnyama alipimwa, na usubiri majibu. Hadi sasa hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata ugonjwa huu, lakini wataalamu wa afya wa Marekani wanashauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe, na kuipika sana hakusaidii, kwani prioni haziharibiwi na moto wa jikoni. Tukumbuke kwamba Waingereza walihakikishiwa kwa miaka kuwa kichaa cha ng'ombe, ugonjwa mwingine wa prioni, hakiwadhuru watu, mpaka mwaka 1996 serikali yao ilipokiri kwamba huenda watu wameambukizwa.

Je, wanyama wa Afrika wanaweza kuugua magonjwa ya namna hii?

Ndiyo, ingawa si lazima uwe ugonjwa huuhuu. Tandala waliotunzwa katika bustani ya wanyama ya London waliugua kichaa cha ng'ombe, na mwaka 2018 watafiti walitangaza ugonjwa wa prioni kwa ngamia wa Algeria.

Mnyama ni mali ya mfugaji. Ubaya wa kumuua ndani ya uzio uko wapi?

Mwaka 2000 wapigakura wa Montana walipiga marufuku mashamba mapya ya aina hii pamoja na kulipisha watu ili wawapige risasi wanyama waliofungiwa, na wengi waliounga mkono hatua hiyo walikuwa wawindaji wenyewe. Klabu ya Boone and Crockett, inayotunza kumbukumbu za nyara za Amerika ya Kaskazini, haimwandikishi mnyama aliyeuawa ndani ya uzio asioweza kuutoka. North Dakota, kinyume chake, ilikataa katazo kama hilo mwaka 2010, kwa hoja hiihii ya haki ya mali.

Mimi nasimama na Montana. Aendaye mawindoni anajua huenda akarudi mikono mitupu, kwa sababu mnyama ana pua, masikio na msitu wa kukimbilia. Ndani ya uzio anayelipa amenunua uhakika, na dume limelishwa miaka yote hiyo kwa ajili ya pembe zake. Simnyimi mfugaji haki ya kuchinja elki wake na kuuza nyama, mradi wamepimwa na wasisafirishwe ovyo. Ninachokikataa ni kulipokea shambulio hilo la ndani ya uzio kwa jina la uwindaji.