Mlolongo wa Starehe na fomu ya 35A

SWALI: Mhariri, salamu. Siasa zikianza kupamba moto, wazee wa mtaa wetu hawaishi kumtaja Charles Rubia. Alikuwa meya au mbunge? Na wakisema enzi zake watu walihesabiwa kwa mlolongo, ilikuwaje? Nauliza kwa sababu mwakilishi wadi wetu anautaka ubunge 2027, nami nimeombwa niwe wakala wake. – Msomaji, Pangani

JIBU: Alikuwa vyote viwili. Rubia ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, 1962 hadi 1967, kisha akawa mbunge wa Starehe, jimbo la hapo hapo Nairobi, kuanzia 1969 hadi 1988. Meya wa siku zile alichaguliwa na madiwani wenzake ukumbini, hakupigiwa kura na jiji zima. Kwa hiyo Starehe ilimdai kitu ambacho umeya haukumdai: kura ya mkazi wa Kariokor na ya Ngara, mmoja mmoja.

Mlolongo ulitumika katika mchujo wa KANU, chama tawala, mwaka 1988. Wapiga kura walijipanga hadharani nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake, wakahesabiwa vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja, bila kura ya siri. Ubovu wake haukuwa tu aibu ya kuonekana na chifu umesimama wapi, ingawa hiyo nayo iliwatisha wengi. Watu wakishatawanyika, hakuna karatasi iliyobaki. Msimamizi akitangaza kwamba mstari mfupi ndio mrefu, utahesabu nini upya? Rubia aliupinga utaratibu huo waziwazi, na mwaka huo kiti kikamponyoka. Tarehe 3 Mei 1990, yeye na Kenneth Matiba walidai vyama vingi mbele ya waandishi wa habari. Wakakamatwa Julai 4, siku tatu kabla ya Saba Saba, mkutano wa Julai 7 wa kudai vyama vingi uwanjani Kamukunji. Kifungu cha 2A cha Katiba kilichoifanya KANU chama pekee kilifutwa Desemba 1991.

Sasa kazi yako. Ulinzi ambao Starehe ya 1988 haikuwa nao uko kwenye karatasi, basi ishike karatasi. Fika kituoni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ukiwa na barua ya uteuzi, ule kiapo cha usiri, ulione sanduku likiwa tupu, kisha uandike nambari za lakiri. Wakati wa kuhesabu, kaa mahali unapoiona kila kura ikiinuliwa. Ukitilia shaka, omba zihesabiwe tena palepale. Kanuni zinaruhusu kurudia mara mbili, si zaidi.

Matokeo ya ubunge hujazwa kwenye fomu ya 35A. Ya wadi ni 36A, na usiku mtu akiwa amechoka ni rahisi kubeba isiyo yake. Jumlisha kura za wagombea wote na uzilinganishe na idadi ya waliopiga. Kituo kimoja hakipaswi kuzidi wapiga kura 700 waliosajiliwa, kwa hiyo ukiona jumla ya 740, usiondoke. Kususia kutia sahihi hakubatilishi matokeo. Afadhali uandike sababu zako kwenye fomu, uchukue nakala yako, upige picha ile iliyobandikwa mlangoni, kisha uipeleke mwenyewe kituo cha kujumlishia, inakojazwa 35B, fomu ya jumla ya jimbo zima. Tarakimu zikibadilika njiani, hapo ndipo zitaonekana.

Mkifika mahakamani, kesi ya ubunge huwasilishwa Mahakama Kuu ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa, kwa dhamana ya shilingi 500,000. Ya wadi ni 100,000. Wengi waliozoea siasa za wadi hushtukia tofauti hiyo wakiwa wamechelewa.

Mwambie pia mwakilishi wenu aisome Ibara ya 99 ya Katiba pamoja na wakili mapema: inamtaja mjumbe wa bunge la kaunti, yaani mtu kama yeye, miongoni mwa wasioweza kuchaguliwa wabunge, na tafsiri yake imewahi kubishaniwa mahakamani. Akinyimwa tiketi ya chama akaamua kuwa mgombea huru, atahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 1,000 waliosajiliwa Starehe, na awe ameachana na chama angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027.