Nimlipe nani kwanza?

Swali: Nataka kununua nyumba ya kupangisha hapa Lubumbashi, Katuba. Komisionere, yaani dalali, ananionyesha fishi ya parseli (karatasi ya kiwanja) na anadai pesa yake mbele. Inatosha?

Jibu: Haitoshi, ndugu. Fishi si sertifika ya uandikishaji, hati rasmi ya haki juu ya kiwanja. Tangu sheria ya 1973 udongo wenyewe ni wa Serikali. Unachonunua ni haki juu yake. Mlipe kwanza jeometa wa kadastre, mpima viwanja wa Serikali, apime upya, atafute mawe ya mipaka kwenye pembe zote. Ukuta wa jirani husogea kimyakimya! Kisha avoka (wakili) wako aende mwenyewe kwa konservateri, mtunza hati za ardhi, kuuliza kama kuna ipoteka, yaani nyumba imewekwa rehani, au kesi. Akikuletea fotokopi tu, mkatalie. Fundi apande darini atazame mchwa. Komisionere achukue chake siku ya kutia sahihi.