Maswali ya wasomaji: EliteBook, RAM na iPad

Shule yetu imepewa laptopu 18, zote HP EliteBook 840. Tulinunua RAM za aina moja, DDR3. Nyingine hazikuingia kabisa, na kwenye mashine moja iliingia ila kioo kikabaki cheusi. Kosa liko wapi?
*Mwalimu wa TEHAMA, Morogoro*

EliteBook 840 ni ukoo mzima, na kinachotofautisha mashine moja na nyingine ni ile G ya mwisho wa jina, yaani kizazi chake. G1 na G2 zinatumia DDR3L yenye pini 204. G3 hadi G6 zinatumia DDR4 yenye pini 260, na pengo la katikati ya pini halikai mahali pamoja na la DDR3L, kwa hiyo msilazimishe. Ile ya kioo cheusi bila shaka ni G1 au G2: RAM imekaa vizuri, ila umeme si wake. Someni stika ya RAM. PC3L ni ya volti 1.35, na ndiyo mnayoitaka. PC3 isiyo na L ni ya volti 1.5, na mashine hizo haziwaki nayo.

Stika ya chini ya laptopu msiiamini peke yake. Kwenye mashine za mitumba, mafundi hubadilishana vifuniko, ukakuta kifuniko cha G3 kimevishwa G4. Zima, washa huku ukibonyeza F10, kisha soma jina la modeli na namba ya serial ndani ya BIOS, ile programu ya mashine inayotangulia Windows. Kama Windows inafunguka, andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia, uangalie mstari wa System Model.

Kisha ziorodhesheni zote 18 kwenye jedwali: kila mashine iwe na namba ya shule iliyobandikwa juu yake, modeli kamili pamoja na G, serial, prosesa kamili, RAM na nafasi zake, aina ya diski, na wati za chaja. Kuandika “Core i5” tu ni kupoteza wino. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache mno. i5-7300U, ya kizazi cha 7, inakataliwa; i5-8250U, ya cha 8, inapita. G5 nyingi zina kizazi cha 8, lakini zipo zilizotoka kiwandani na cha 7, ndiyo maana G peke yake haitoshi.

iPad yangu ya inchi 9.7 haiitambui Apple Pencil ya kwanza. Muuzaji anasema kalamu ni nzima.
*Msomaji, Mombasa*

Huenda muuzaji anasema kweli. Geuza iPad, usome yale maandishi madogo ya mgongoni. A1822 na A1823 ni kizazi cha 5, cha mwaka 2017, na hakipokei kalamu hiyo. A1893 na A1954 ni kizazi cha 6, cha 2018, na kinaipokea. Kwa umbo ni mapacha. Maandishi yakiwa yamefutika, ingia Settings, General, About, kisha gusa Model Number: namba ndefu itageuka kuwa ile ya A. Kabla hujaigusa, tazama herufi yake ya kwanza. M iliuzwa mpya, F ilikarabatiwa na Apple, N ilitolewa kufidia iliyoharibika. Ukiuziwa F kwa bei ya M, rudi dukani.

Ukitaka kuibadilisha, jua pia kwamba kizazi cha 5 kiliishia iPadOS 16 na cha 6 kiliishia iPadOS 17.

Nitajuaje kama RAM ya laptopu yangu inaongezeka bila kuifungua?
*Msomaji, Bujumbura*

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, nenda Performance, kisha Memory. “Slots used: 1 of 2” ni dalili ya nafasi iliyo wazi. Soma na Form factor: SODIMM inachomoka, “Row of chips” imechomelewa kwenye bodi, na hapo usinunue kitu kabla fundi hajafungua akaona.