Japani Sebuleni: Maswali Yenu Kuhusu Kuwafundisha Watoto Nchi ya Mbali

Sijui nani ameanzisha, lakini safari hii karibu barua zote zinauliza kuhusu Japani. Basi tukae hukohuko.

Shikamoo mwalimu. Nina watoto wa miaka sita na tisa, likizo hii nataka wajifunze Japani. Nilinunua ramani ya dunia, wakaitazama kidogo wakakimbilia nje. Nianzie wapi? (Mama, Morogoro)

Marahaba. Anzia kwenye saa ya ukutani. Japani imetutangulia kwa saa sita mwaka mzima, kwa hiyo wanao wakiamka saa kumi na mbili asubuhi, Tokyo ni saa sita mchana. Waulize: mtoto wa darasa la tatu wa huko anafanya nini sasa hivi? Mwaka wao wa shule huanza Aprili, hivyo likizo yetu ya Juni huwakuta darasani, na muda huo wanakaribia kula. Katika shule nyingi za msingi, wanafunzi wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, hubeba masufuria hadi darasani, wakawapakulia wenzao, na mwalimu hula nao humohumo. Kuna pia muda wa usafi: watoto hushika mafagio na matambara wakasafisha madarasa na korido. Wanao watadakia kwamba hata wao hufagia shule. Waache wabishe, maana hapo wameshaanza kulinganisha bila kulazimishwa.

Ramani itoe siku ya pili. Watafute visiwa vinne vikubwa, Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu, kisha washuke kusini kabisa mpaka Okinawa. Hokkaido huzama katika theluji; Okinawa wanalima miwa na mananasi. Mtoto aliyedhani Japani yote ni baridi atashangaa.

Mwanangu wa miaka kumi anaijua Japani kwa katuni tu. Anaamini watu wanatembea na panga hadi leo. Nimzuie? (Baba, Mombasa)

Usimzuie, keti utazame naye. La panga limalize kwa sentensi moja: serikali yao ilipiga marufuku kutembea na upanga mwaka 1876. Halafu mpe kazi ya upelelezi. Asiangalie wanaopigana, aangalie vilivyo nyuma yao. Viatu vinavuliwa wapi? Mbona watoto wadogo wanakwenda shule bila mzazi? Kwa nini shule zikifunguliwa kuna petali za maua zinapeperuka kila mahali? Katuni za Japani, hata zile za kipuuzi, huchora vitu hivi kwa uangalifu ambao vitabu vingi vya watoto havina.

Tupike nini? Sushi hapa kwetu haiwezekani, na watoto wameapa hawali samaki mbichi. (Mama, Mbeya)

Afadhali. Hata Wajapani hawali sushi kila siku. Fanyeni onigiri, tonge la wali ambalo mtoto wa huko hufungiwa akienda matembezini. Mchele wa pilau haufai, punje zake hujitenga. Chukua chenga, pika kwa maji ya kuzidi kidogo ili zishikane. Wali ukiwa na joto ambalo mkono unalivumilia, lowesha viganja, paka chumvi, tia katikati samaki wa kuokwa aliyechambuliwa, kisha finyanga pembetatu. Mwani mkavu wa kuzungushia ukikosekana, usihangaike. Dagaa nao wanakubalika: Wajapani hukausha dagaa wao na kuwachemsha kwa ajili ya supu. Onigiri huliwa kwa mkono. Siku mtakayokula wali kwa vijiti, wafundishe mwiko mmoja tu: vijiti havisimikwi kwenye bakuli la wali, maana hivyo ndivyo wali wa marehemu unavyowekwa.

Assalaam aleikum mwalimu. Kila nikitafuta sherehe za Japani nakutana na mahekalu. Nitawafundishaje wanangu bila kuwaingiza kwenye ibada za watu? (Mama, Tanga)

Waaleikumu salaam. Usikubali anayekwambia kwamba ni utamaduni tu. Hekalu ni mahali pa ibada, na watoto waambiwe hivyo bila kuzungushwa: Wajapani wengi hufuata mila za Shinto na za Ubudha, mara nyingi zote mbili kwa pamoja. Kujua jirani anavyosali si kusali naye, na watoto waliokua wakisikia adhana na kengele ya kanisa katika mtaa mmoja hawahitaji hotuba juu ya hilo.

Kwa kazi ya mikono, chagua Siku ya Watoto, Mei 5, ambayo ni sikukuu ya taifa. Familia hupandisha mlingotini samaki wa kitambaa anayejaa upepo, mfano wa samaki anayesifiwa kwa kupanda mto akikaidi mkondo. Kanga kuukuu na waya wa kushikilia mdomo vinatosha. Kisha wasimulie kuhusu msikiti wa Kobe, uliofunguliwa mwaka 1935, ukanusurika mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995.

Binti yangu wa miaka minane amesikia Hiroshima redioni. Nimwambie nini? (Baba, Nakuru)

Mwambie kweli, kwa ufupi, kupitia mtoto mmoja. Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili bomu la atomiki lilipoangushwa Agosti 6, 1945. Akakua, akawa mkimbiaji hodari shuleni, kisha saratani ya damu ikamshika. Hospitalini alikunja korongo wa karatasi, kwa kuwa kwao husemwa anayefikisha 1,000 hupata analoomba. Alifariki mwaka 1955 akiwa na miaka 12. Wanafunzi wakachangisha fedha, na tangu 1958 kuna mnara wa watoto Hiroshima wenye sanamu yake. Picha za majeruhi zisubiri awe mkubwa. Akiuliza nani aliangusha bomu na kwa nini, mjibu: Marekani, katika vita ambavyo Japani nayo ilikuwa imevamia nchi za jirani zake. Usimfiche upande wowote. Mtoto wa umri huo hugundua upesi.

Mdogo wangu anauliza maandishi ya Kijapani kwenye daladala yanasema nini. (Kaka, Dar es Salaam)

Piga picha, programu ya tafsiri kwenye simu itasoma. Magari hayo yalitumika Japani kwanza. Nao huendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana usukani uko kulia. Ubavuni huenda mkakuta jina la chekechea au la hoteli. Yale ya mlangoni mara nyingi husema mlango unajifungua wenyewe, ingawa siku hizi ni konda anayeuvuta kwa nguvu zake zote.